Mombasa Mikononi mwa Kampuni, 1888–1895: Hesabu Ambazo Hazikukaa

Vitabu vingi vya shule huanza ukoloni wa Mwingereza Afrika Mashariki na serikali: konsuli, manowari, kisha gavana. Lakini kati ya 1888 na 1895 aliyetawala mwambao wa Kenya ya leo, na kudai bara yote mpaka Buganda, hakuwa serikali. Ilikuwa kampuni ya hisa yenye bodi London, wanahisa waliongojea gawio, askari wake, rupia zake na stempu zake, na nembo ya jua lililovikwa taji, chini yake maneno ya Kiingereza yenye maana ya Nuru na Uhuru. Jina lake kamili ni Imperial British East Africa Company. Hapa nitaiita Kampuni tu.

Kampuni haikuangushwa na vita. Iliangushwa na hesabu. Upande wa mapato ilifungwa na mikataba iliyotiwa saini na watu wengine kabla yake; upande wa matumizi ilikuwa na bara ambayo kila ratili ya mzigo ilipita kichwani mwa mtu. Na siku ilipofunga milango, sehemu kubwa ya fidia yake ilitoka katika fedha za Sultani wa Zanzibar mwenyewe. Hilo la mwisho watu wengi hawalijui, nami nitalifikia.

Mwenye meli

Mwanzilishi wake, William Mackinnon, alikuwa Mskoti aliyetajirika kwa meli. Kampuni yake ya British India Steam Navigation ndiyo iliyoanza mwaka 1872 kupeleka barua na abiria kati ya Aden na Zanzibar. Meli inataka shehena, na shehena ya Zanzibar ilitoka bara: pembe za ndovu, mpira, sandarusi. Mwaka 1877 Mackinnon alizungumza na Sayyid Barghash ili akodishiwe bara nzima. Mazungumzo yakavunjika. Miaka kumi baadaye, Wajerumani walipokwisha kujikatia kipande chao kusini, Barghash alikuwa na sababu ya kufikiri upya.

Makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1886 yalikuwa yamemwachia Sultani ukanda wa maili 10 tu kutoka ufukweni, kuanzia Tungi kusini hadi Kipini, pamoja na visiwa na bandari chache za Benadir. Bara ya nyuma ya ukanda huo iligawanywa kwa mstari uliotoka mto Umba, ukalizunguka Kilimanjaro, ukaishia Ziwa Victoria. Tarehe 24 Mei 1887 Barghash akawapa Mackinnon na wenzake mkataba wa miaka 50 juu ya sehemu ya ukanda kati ya Umba na Kipini. Mkataba huo ulikuwa mpana ajabu. Kampuni ingekusanya ushuru wa forodha, ingeteua maliwali na mahakimu, ingetoza kodi, ingegawa ardhi isiyo na mwenyewe. Yote haya kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake nyekundu. Malipo yake: Sultani aendelee kupata kiasi kilekile cha ushuru alichokuwa akipata, na nyongeza yoyote itakayopatikana wagawane.

Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akatoa hati ya kifalme. London ilikuwa imeufufua mtindo wa zamani: Kampuni ya India ya Mashariki ilinyang'anywa utawala mwaka 1858, lakini kufikia 1881 Borneo Kaskazini ilikuwa na kampuni yake yenye hati, Niger ikapata 1886, na ya Cecil Rhodes ikafuata 1889. Serikali ilipenda mtindo huu kwa sababu moja ya wazi: nchi inapatikana na walipa kodi wa Uingereza hawatoi kitu. Ila hati ya Kampuni ilikuwa na masharti ambayo mfanyabiashara makini angeyasoma mara mbili. Isijipe ukiritimba wa biashara. Isitofautishe ushuru kati ya mataifa. Iheshimu dini na mila za wenyeji. Ipunguze utumwa hatua kwa hatua. Mambo yake na mataifa ya nje yapite kwa Waziri. Kwa upande wa pili wa karatasi, serikali haikuahidi hata senti: hakuna dhamana ya mkopo, hakuna ruzuku, hakuna askari.

Mtaji ulioandikwa ulikuwa pauni milioni 2. Waanzilishi walitoa takriban robo milioni. Tofauti ya tarakimu hizo mbili ni nusu ya historia yote inayofuata.

Mackenzie na somo la Pangani

Agosti 1888, wiki chache kabla ya hati hiyo kutolewa, kampuni ya Wajerumani ilichukua forodha za upande wake wa mwambao. Pangani, ofisa wao Emil von Zelewski alipandisha bendera ya kampuni kwa nguvu na kuwadharau wakubwa wa mji. Matokeo yake ni vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri, ambavyo kampuni haikuvimudu. Berlin ikalazimika kumleta Wissmann na jeshi.

George Mackenzie, mwakilishi wa Kampuni, alifika Mombasa Oktoba mwaka huohuo akiwa na habari hizo mkononi. Hakugusa bendera. Liwali, kadhi na makarani wa forodha walibaki. Kazi yake ya kwanza haikuwa ya biashara: misheni za Rabai, Ribe na Frere Town zilikuwa zimehifadhi watumwa zaidi ya 1,400 waliotoroka kwa mabwana wao wa mwambao, na mabwana hao walikuwa tayari kuzivamia. Mackenzie akaamua kuwalipa fidia wenye watumwa, kisha Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Wamishonari wakashukuru, wenye mashamba wakapokea fedha zao, mji ukatulia. Kwa siasa ilikuwa kazi safi sana. Kwa daftari ilikuwa pauni zilizotoka kabla hata ya pembe moja kuingia, na ilifundisha ofisi ya Mombasa tabia ambayo haikuiacha: kununua amani kwa mtaji.

Forodha: dari lililokwishajengwa

Mapato ya uhakika yalikuwa forodha peke yake. Hapo ndipo Kampuni ilipokuta mikono ya watu wengine.

Ushuru wa bidhaa zinazoingia katika milki ya Sultani ulikuwa asilimia 5 ya thamani. Si kwa sababu Sultani alipenda kiwango hicho. Mikataba ya Sayyid Said na Wamarekani mwaka 1833 na Waingereza mwaka 1839 ndiyo iliyouweka, na mataifa mengine yakadai usawa. Kampuni ilirithi kiwango hicho pamoja na mkataba. Bidhaa zilizotoka zililipa zaidi, pembe za ndovu asilimia 15, lakini hilo lina maana pale tu pembe zinapopitia bandari yako. Pembe nyingi za Buganda na Unyoro zilishuka kusini mwa ziwa hadi Tabora, zikatokea Bagamoyo, kwa Wajerumani. Njia hiyo ilikuwa na wadeni na wadai wake: wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliopewa bidhaa kwa mkopo na Wahindi wa Zanzibar, wakarudisha pembe baada ya miaka miwili au mitatu. Njia ya Mombasa haikuwa na mtandao wa mkopo wa ukubwa huo. Kuhamisha biashara kunataka kuhamisha madeni, na Kampuni haikuwa na fedha za kuyanunua.

Mkutano wa Berlin wa 1885 nao ulikuwa umechora eneo la biashara huria kutoka bonde la Kongo hadi Bahari ya Hindi, ambamo ushuru wa kuingiza bidhaa ulikatazwa. Milki ya Sultani ilikuwa nje ya sheria hiyo mpaka yeye mwenyewe akubali. Mwaka 1892 serikali ya Uingereza, ambayo tangu 1890 ilikuwa mlinzi wa Zanzibar, ikaifanya Unguja bandari huru na kuitia milki ya Sultani ya bara katika eneo hilo la Berlin. Kwa meli na maduka ya Unguja huenda ilikuwa hatua nzuri. Kwa Kampuni ilikuwa kufungiwa mlango wa mwisho wa kupandisha ushuru, na aliyeufunga ni serikali ileile iliyoitaka itawale bara kwa mapato yake. Malalamiko ya wakurugenzi kuhusu jambo hili ni makali, na katika hili naona walikuwa na haki.

Kufikia wakati huo hata mgao na Sultani ulikuwa umebadilishwa: mwaka 1891 hesabu za nusu kwa nusu zikaachwa, pakawekwa pango la mwaka lisilobadilika. Sultani akapata uhakika. Kampuni ikapata deni linalofika kila mwaka, forodha iwe imejaa au tupu.

Tani moja hadi Mengo

Sasa upande wa matumizi, ambako napenda twende polepole, maana bila hesabu ya msafara huwezi kuelewa kwa nini ngome zilijengwa zilipojengwa.

Mzigo wa pagazi ulikuwa ratili 65 hivi; wenyeji waliukadiria kwa frasila mbili zisizotimia, frasila moja ikiwa ratili 35. Tani ya Kiingereza ni ratili 2,240. Kwa hiyo tani moja ya bidhaa ni watu 35. Kutoka Mombasa hadi Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda, ni maili kama 800, safari ya miezi mitatu ikienda vizuri. Mshahara wa kawaida ulikuwa rupia 10 kwa mwezi. Watu 35 kwa miezi mitatu ni rupia 1,050. Ukihesabu rupia 15 kwa pauni, ni pauni 70. Hiyo ni kwenda tu. Pagazi lazima arudi, na kama hakuna pembe za kurudi nazo analipwa kwa kutembea mikono mitupu. Tayari tuko pauni 140, na hatujaweka wanyapara, askari wa kulinda, mahema wala wagonjwa.

Kisha posho. Kila mtu hupewa kibaba cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu. Watu 35 kwa siku 90 wanakula ratili 4,725, yaani zaidi ya tani mbili. Tani moja ya bidhaa inakula tani mbili za chakula kabla haijafika. Ukitaka kukibeba chakula hicho, unahitaji mapagazi wengine 70, nao wanataka kula. Hesabu hiyo haifungiki. Msafara wa Afrika Mashariki haukuwezekana isipokuwa kwa kununua chakula njiani, na kwa hiyo ramani halisi ya nchi, kwa kiongozi wa msafara, ilikuwa ramani ya mahali panapouzwa nafaka.

Njia ya Mombasa ilikuwa mbaya kwa jambo hilo. Ukishapita Duruma unaingia nyika ya Taru, ambako maji hupatikana katika mashimo ya mwamba tu, na kipande kati ya Taru na Maungu ni zaidi ya maili 30 pasipo maji ya kutegemewa. Watu walikivuka usiku, wakilala mchana, na hapo ndipo mizigo ilipotupwa na watu kufa. Baada ya Teita na Kibwezi unafika Ukambani, nafaka ipo, Kampuni ikafungua kituo Machakos mwaka 1889. Kisha mpaka wa Wakikuyu, nafaka na viazi tele. Baada ya hapo unashuka Bonde la Ufa, nchi ya Wamasai, na hakuna shamba mpaka Baringo au Kavirondo, karibu na Ziwa Victoria. Kwa hiyo ukingo wa Ukikuyu ulikuwa ghala la mwisho: anayeondoka pale bila posho ya siku nyingi hafiki.

Jambo jingine lililoharibika mara kwa mara ni watu wenyewe. Mapagazi waliajiriwa Zanzibar na Mombasa, wakapewa malipo ya mbele ya miezi miwili au mitatu, nao waliotaka kutoroka walitoroka katika kambi tatu za kwanza, wakiwa bado karibu na nyumbani. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na bwana alichukua sehemu ya mshahara. Kampuni iliyoapa kupunguza utumwa ilikuwa ikiulipia kila mwezi kwenye daftari la mishahara.

Bidhaa zilizobebwa nazo zilitaka ujuzi. Rupia za Kampuni zenye nembo ya jua zilikuwa na thamani Mombasa na njiani kidogo; baada ya hapo fedha ni nguo, shanga na waya. Merikani, kitambaa kisichotiwa rangi, kilipimwa kwa mikono: mikono minne ni shuka, minane ni doti, na jora moja ni yadi 30. Kaniki ya buluu ilipendwa sehemu nyingine. Nguo zilifungwa kwa kushindiliwa, zikafunikwa turubai na mkeka, kwa sababu jora lililolowa mvuani huongezeka uzito na kuota kuvu, na mnunuzi huligusa, akalinusa, kisha akalikataa. Shanga ndizo zilizoponza wageni wengi. Kila nchi ilikuwa na rangi na ukubwa wake, na mtindo ulibadilika. Mzigo mzima wa shanga ambazo mwaka jana zilinunua mbuzi, mwaka huu hauwezi kununua kibuyu cha unga. Zilitakiwa pia zitungwe katika nyuzi za urefu uliozoeleka kabla ya kuingia nchi ya wanunuzi. Kwa Wamasai na Wakikuyu waya wa chuma, senyenge, ulikuwa na soko, na unene wake ulikuwa na maana: mwembamba mno haufai kwa mapambo ya mkono. Karani wa London aliyeagiza kwa bei nafuu bila kumwuliza Mswahili wa msafara alinunua mizigo ya kutupwa.

Ngome ya posho na kifo cha Waiyaki

Ukishaielewa posho, Dagoretti inaeleweka. Oktoba 1890 Kapteni Frederick Lugard, akielekea Buganda kwa ajili ya Kampuni, alijenga ngome ndogo hapo ukingoni mwa Ukikuyu, akala kiapo cha udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, mkubwa wa Wakikuyu wa hapo, akamwacha George Wilson na watu wachache. Kazi ya ngome ilikuwa kununua chakula na kukiweka tayari kwa misafara.

Kwa miezi michache mpango ulikwenda. Kisha misafara ikaanza kupita yenye watu mamia, wenye njaa, na bidhaa za kununulia zimekwisha au si zile zinazotakiwa. Mtu mwenye bunduki na njaa, pembeni mwa shamba la viazi, hahitaji kuelezwa zaidi. Wizi wa mashamba, ugomvi juu ya wanawake, risasi, kisasi. Mwaka 1891 Wilson akaikimbia ngome na Wakikuyu wakaichoma. Mwaka huohuo Eric Smith akajenga nyingine karibu yake, yenye handaki na uzio wa miti, ikaitwa Fort Smith. Walioishi humo walikuwa kama wamezingirwa: kuteka maji kulihitaji ulinzi.

Agosti 1892 Waiyaki aligombana ndani ya ngome na ofisa W. J. Purkiss, akajeruhiwa, akafungwa, kisha akapelekwa pwani na msafara ili ahukumiwe. Hakufika. Alifia Kibwezi; masimulizi ya Wakikuyu yanashikilia kwamba alizikwa akiwa hai. Wanahistoria wa siasa humtaja kama shujaa wa kwanza wa upinzani, na sina ubishi na hilo. Ninachoongeza ni kwamba mzizi wa ugomvi ulikuwa ghala: Kampuni ilitaka nafaka ya watu wale kwa bei na kwa wakati wake, na haikuwa na bidhaa za kutosha kuilipia.

Bahati mbaya nyingine ikaangukia miaka ileile. Sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ulipita mwaka 1890 na 1891 na kufagia mifugo ya Wamasai, ndui ikafuata. Nchi ambayo msafara ungeweza kununua nyama ikawa haina nyama.

Mito, barabara na reli ya kuchezea

Wakurugenzi hawakuwa wapumbavu. Walijua pagazi ndiye adui wa gawio. Walitazama Niger, ambako kampuni yenzao ilipandisha meli mtoni na kushusha mafuta ya mawese kwa tani nyingi, wakatafuta mto wao. Wakaleta Kenia, meli ndogo ya mvuke yenye gurudumu nyuma, na mwaka 1891 Kamanda Dundas akaipandisha Tana. Ilipanda kweli, lakini Tana hujipinda, hukauka, hukwama kwenye mchanga, na mwisho wa safari hapakuwa na bidhaa ya kujaza meli. Mwaka 1892 wakaijaribu Juba. Matokeo yalikuwa yaleyale.

Barabara ya mkokoteni ikaanzwa kutoka Mombasa kuelekea Kibwezi. Inafaa kwa ng'ombe, ila mbung'o wa nyika waliwamaliza ng'ombe. Na mwaka 1890 wakazindua kwa shangwe reli nyembamba ya upana wa futi mbili, waliyoipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Zililazwa maili saba. Ilitumika kwa matembezi ya jioni ya wazungu wa Mombasa.

Reli ya kweli ilihitaji mkopo wenye dhamana ya serikali, na dhamana haikupatikana. Mwaka 1892 Bunge la Uingereza lilikubali kutoa pauni 20,000 za kupimia njia tu. Kapteni Macdonald akapima, akaandika ripoti, Kampuni ikabaki na karatasi.

Buganda, pauni 40,000 kwa mwaka

Kampuni haikuhitaji Buganda kibiashara, si kwa gharama ile ya tani. Ilikwenda kwa shinikizo la kisiasa: Wajerumani walikuwa njiani, wamishonari walilia, serikali ilidokeza. Lugard alifika Mengo Desemba 1890 na watu wapatao 300 na bunduki moja ya rashasha aina ya Maxim iliyochakaa, na tarehe 26 mwezi huo Kabaka Mwanga akatia saini mkataba bila furaha. Januari 1892 Waprotestanti na Wakatoliki wa Buganda walipigana Mengo, na Maxim ya Kampuni ikaamua upande upi ushinde.

Kushikilia Buganda kulikadiriwa kuwa pauni 40,000 kwa mwaka, na huko hakukuwa na forodha ya kuzilipia. Wakurugenzi walikata shauri la kuondoka mwishoni mwa 1891. Marafiki wa misheni ya Church Missionary Society wakachanga fedha, muda ukasogezwa mwaka mmoja. Kisha serikali ikalipia miezi mitatu zaidi, hadi Machi 1893, ikamtuma konsuli wake wa Zanzibar, Gerald Portal, akatazame. Tarehe 1 Aprili 1893 Portal aliishusha bendera ya Kampuni Kampala na kupandisha ya Uingereza. Angalia mfuatano huo: kampuni ya hisa imewekwa hai kwa sadaka za kanisa, halafu kwa posho ya hazina. Mackinnon mwenyewe alifariki Juni mwaka huo.

Nani alilipa

Miaka miwili iliyobaki ilikuwa ya kujadiliana bei. Kampuni ilidai fidia, serikali ikabana. Wakati huo utawala wa Mombasa ulibaki kivuli, na ndipo kosa la mwisho likafanyika. Februari 1895 Salim bin Khamis, mkubwa wa ukoo wa Mazrui wa Takaungu, alifariki. Kampuni ikamkubali mwanawe Rashid bin Salim kwa sababu alikuwa rafiki, ikampuuza Mubarak aliyekuwa mkubwa kwa umri na mwenye hoja. Mazrui wa Gasi chini ya Mbaruk bin Rashid wakaingia upande wa Mubarak, vita vikazuka. Tabia ile ya Mackenzie ya kununua amani ilikuwa imekwisha pamoja na mtaji. Vita hivyo vilirithiwa na serikali, vikadumu hadi Aprili 1896, baada ya askari kuletwa kutoka India na Mbaruk kuvuka kwenda upande wa Wajerumani.

Bei iliyokubaliwa ni pauni 250,000. Hazina ya Uingereza ilitoa 50,000. Zile 200,000 zilikuwa na historia yake. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4, sawa na pauni 200,000, ili aiachie kabisa pwani ya Tanganyika ya baadaye. Fedha hizo ziliwekezwa chini ya uangalizi wa Waingereza. Mwaka 1895 zikatolewa, zikalipwa kwa wanahisa wa Kampuni ili warudishe mkataba wa mwambao kwa Sultani.

Kwa mantiki ya kawaida, Sultani aliyenunua mkataba wake kwa fedha zake angerudishiwa pwani yake. Haikuwa hivyo. Mombasa ilikabidhiwa tarehe 1 Julai 1895 kwa Arthur Hardinge, kamishna wa kwanza wa himaya mpya ya Uingereza, na mkataba wa tarehe 14 Desemba ukamwandikia Sultani Hamed bin Thuwaini pauni 17,000 kwa mwaka. Igawanye tarakimu hiyo uone ilivyoundwa: 11,000 ni pango la pwani, lilelile lililokuwa likilipwa na Kampuni, na 6,000 ni riba ya asilimia 3 juu ya zile 200,000. Deni lenyewe halikuwekewa siku ya kulipwa.

Mwaka uliofuata serikali ileile iliyokataa kudhamini reli ya Kampuni ilianza kujenga yake kutoka Mombasa, ikafika ziwani Desemba 1901, kwa zaidi ya pauni milioni 5 za walipa kodi wa Uingereza.

Hali ya kisheria ya ukanda wa maili 10 ilibaki ileile. Bara ilipotangazwa koloni mwaka 1920, ukanda ulibaki himaya, mali ya Sultani iliyopangishwa, na bendera nyekundu iliendelea kupepea Fort Jesus. Uliunganishwa na Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963 na barua walizoandikiana Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte wa Zanzibar tarehe 5 mwezi huo: Sultani aliacha dai lake, na Kenya ikaahidi kuhifadhi mahakama za kadhi, uhuru wa ibada, na hatimiliki za ardhi zilizokwisha kuandikishwa katika mwambao.